Sikio la Kulia la Fundi

Siku ile Sista wa zahanati aliweka laptop yake juu ya meza ya Fundi, na ile laptop ilikuwa inapiga mluzi. Mluzi mwembamba, mrefu, usiokata, wa aina ile inayokuingia kwenye jino bovu. Mashine ya kusaga ya Gaudensi ilikuwa imezimwa kwa kuishiwa mafuta, kwa hiyo upande wetu wa soko la Mbinga ulikuwa kimya, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miezi. Kila mtu aliusikia ule mluzi. Mpaka muuza ndizi aliyekuwa ametupa mgongo aligeuka.

Fundi alifanya yote kama siku zote. Alizima spika. Alichomoa chaja. Akafungua kwa chini, akatoa vumbi kwenye feni kwa mswaki, akarudisha skrubu moja moja, akaiwasha tena. Kisha akachukua kile kipande chake cha mwanzi, chembamba, chenye urefu wa mkono, ambacho alikitoboa mwenyewe mafundo yote ya ndani. Akaweka ncha moja juu ya laptop, ncha nyingine kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Halafu akatabasamu.

"Imepona, Sista. Imenyamaza kabisa."

Ilikuwa bado inapiga mluzi.

"Fundi," Sista akasema kwa upole, "bado inalia."

"Nani?"

"Laptop, Fundi."

"Sista leo umekuja na utani," akasema, akacheka.

Hakuna mwingine aliyecheka. Ndipo akaanza kututazama usoni mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha. Akamtazama muuza ndizi. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Gaudensi alikuwa ameegemea mlango wa mashine yake, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. "Jamani!" akapaza sauti. "Fundi wa masikio kaishiwa masikio!" Na hapo watu wakacheka kweli.

Fundi aliifunga laptop kwa mikono miwili, akaufuta mfuniko wake kwa upindo wa shati, akampa Sista. "Nisamehe," akamwambia. "Mimi sikusikia. Lakini kama unasikia mluzi na feni ni safi, usingoje. Toa vitu vyako vyote humo, uviweke kwingine. Toa leo." Halafu akakunja kitambaa chake cha meza mara nne, akaweka bisibisi zake kwenye kopo, akaondoka saa tano asubuhi. Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona akifunga kazi kabla ya saa kumi na moja.

Mimi nimeona mabaya. Nimetoka ziwani nikiwa hai siku ambayo wengine walitolewa wamekufa. Lakini sura ya yule mtu akitafuta usoni mwetu sauti ambayo wote tuliisikia isipokuwa yeye, hiyo nimelala nayo na kuamka nayo.

Sasa nieleze ni nani huyu. Jina lake silitaji, na hata tungekuwa sokoni usingelisikia. Jina lake wanalo mke wake na padri. Sisi wengine tulimwita Fundi, na ukisema Fundi pale Mbinga mjini bila kuongeza neno, wa redio, wa pikipiki na wa cherehani wote walijua si wao unaowaita.

Fremu yake ilikuwa ya tatu kutoka kona, yangu ya nne. Mlango wa bati, meza moja, kitambaa cha kijani, taa ya kuning'inia. Ukutani hakuwa na picha wala kalenda, ila ubao alioandika kwa chaki: SEMA ILIANZA LINI. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu. Watu walikuwa wanafika wakihema, wanaanza, "Fundi, laptop yangu ina virusi," naye anainua mkono.

"Virusi havipigi mluzi, mwanangu. Ilianza lini?"

"Jana."

"Jana baada ya nini?"

Hapo ndipo ukweli ulipokuwa unatoka. Imeanguka. Imelaliwa. Imekaa ghalani. Karani mmoja wa chama cha kahawa alileta ya kwake inayolia kama nyuki kwenye chupa, akaapa kwamba huitunza kuliko mtoto. Fundi akaifungua, yakamwagika maganda ya kahawa kutosha kujaza kiganja. "Huyu mtoto," akamwambia, "unamlaza stoo?"

Alikuwa na mpangilio wake na hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote, hata mkuu wa shule aje na haraka zake. Kwanza anazima sauti ya spika. Kelele ikikata, tatizo ni spika au waya wake, rudi nyumbani usinisumbue. Isipokata, anachomoa chaja. Ikikata hapo, mwovu ni chaja au soketi. Isipokata bado, anaweka kiganja pale upepo unapotokea, anasikiliza kwa mwanzi upande wa feni. Feni ina mluzi wenye mchanga ndani yake, ndivyo alivyosema, na hupanda kadiri laptop inavyopata joto. Dawa yake ni mswaki na tone moja la mafuta ya cherehani. Alikuwa mkali kwa wale wanaopuliza feni kwa pampu ya baiskeli. "Unaizungusha kuliko ilivyoumbwa! Ishike kwa kijiti kwanza, ndipo upulize."

Kama si feni, anafungua ukurasa mrefu na kuuteremsha kwa kidole huku anasikiliza. Mluzi ukicheza pamoja na ukurasa, ukipanda na kushuka, basi ni koili, ule waya uliosokotwa unaopitisha umeme, unatetemeka. Hiyo haiui, alisema, inaudhi tu. Anaipunguzia laptop mwendo kwenye mipangilio, na kama mwenyewe bado analalamika, anachomoa betri, anafungua, anadondoshea koili rangi ya kucha isiyo na rangi, anaiacha ikauke mpaka kesho yake. Ile rangi ya kucha ilimletea maneno. Dukani kwa vipodozi walikuwa wanamuuliza kwa sauti, "Fundi, wa leo ana vidole vingapi?" Naye anajibu, "Ana kimoja tu, lakini anapiga kelele kuliko mke wangu." Mkewe alilisikia hilo. Kwa wiki nzima Fundi alikula viporo.

Na kama si koili, ni diski. Hapo hakuwa na mzaha tena. Alikuwa anaondoa mwanzi sikioni taratibu, anakuangalia kama daktari. "Huyu anaaga. Tusitengeneze chochote. Tuokoe kwanza vilivyomo." Nimeona watu wazima wakilia pale kwenye kile kitambaa cha kijani kwa sababu ya picha za marehemu, na nimemwona akikaa siku mbili akizitoa moja moja.

Hivi vyote nimevijuaje mimi niliyeishia darasa la saba? Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipopanda Mbinga kutoka Lituhi, kule ziwani, nilikuwa nauza dagaa pembeni ya mlango wake, kwenye turubai, na yeye ni Mmatengo wa milimani, harufu ya samaki ilikuwa inamchoma. Alivumilia miezi miwili.

"Mama Lituhi."

"Abee. Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi ingia ndani uache hao samaki nje, maana nikiendelea hivi nitakufa mimi kabla yao."

"Wao wameshakufa, Fundi."

"Ndiyo nasema. Wameniachia harufu wakaenda zao."

Akanikalisha mbele ya laptop iliyopasuka kioo, herufi zinasomeka upande mmoja tu, akanifundisha kuchapa. Vidole vyangu vilikuwa vigumu kwa kazi ya nyavu. Hakunicheka hata siku moja. Mwaka uliofuata nikachukua fremu ya nne: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti. Mpaka leo ninakula kwa kazi ile. Nayasema haya ili ujue ninachokuja kukueleza kina uzito gani.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi, na mambo yake mengine hayakuelewana. Mtu aliyeweza kukwambia kwa sikio tu kwamba skrubu moja ya feni imelegea, kanisani aliimba besi nje ya njia kabisa, kwa nguvu zote, mpaka mwalimu wa kwaya akampa heshima ya kusimama karibu na mlango. Yeye aliamini ni kwa sababu sauti yake ni kubwa. Aliwagombeza wateja wasioweka nakala za vitu vyao, na namba zake zote za simu aliziandika kwenye ukuta wa choo. Jumamosi hakugusa bisibisi. Alikuwa mlimani analima ngolo, yale mashimo ya kwenye mteremko, na Jumatatu alikuja mgongo umekaza, anatembea kama aliyemeza mti, na anadai kwamba kompyuta ndizo zinazomchosha.

Maji aliyaogopa kupita kiasi. Niliwahi kwenda naye Ngumbo, kwa mwalimu mmoja ambaye laptop yake ilikuwa inapiga mluzi na paka wake hataki kuachana nayo. Tulishuka na gari la mizigo mpaka ziwani. Kule wakatuambia kwa mtumbwi ni karibu zaidi. Fundi akautazama ule mtumbwi, akanitazama mimi, akavua viatu, akaanza kutembea kwa miguu ufukweni. Nikamfuata nikicheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wangu nilicheka karibu na maji yale. Baadaye, sana baadaye, ndipo nilipofikiri kwamba labda hakuwa anaogopa kwa ajili yake.

Alipofungua laptop ya mwalimu akakuta feni imejaa magamba ya dagaa. Mwalimu alikuwa anaiweka kwenye rafu ambako mkewe alianika dagaa. Fundi akainusa, akampa paka ile feni ailambe kwanza. "Huyu kaniwahi kugundua," akasema, "na yeye hajaenda chuo."

Alikuwa mtu wa kuchekesha. Lakini nimpe haki yake kwa jambo moja ambalo si la kuchekesha.

Boti tuliyopanda Lituhi siku ile ilikuwa ya Kandidus, na jina lake nalitaja maana hajawahi kulikana. Ilizama mbali na pwani. Mimi nilishika dumu. Mume wangu hakushika kitu. Kandidus alikuja matangani na sukari, akala wali, akasema ni kazi ya Mungu, akaondoka. Kila aliyekuja kunipa pole alirudia neno hilohilo: kazi ya Mungu. Padri alisema hivyo, mwenyekiti wa kijiji hivyo, mama yangu mwenyewe hivyo. Nikaimeza.

Fundi alinisikiliza siku moja mvua imetufungia fremuni. Hakunipa pole. Akauliza, "Ilianza lini kuyumba?"

"Tulipoacha ufukwe tu."

"Ilipakiwa nini?"

"Watu. Na saruji."

"Saruji iliwekwa wapi? Mbele au nyuma?"

Nikafikiri. Sikuwahi kuulizwa. "Nyuma. Yote nyuma."

"Nani alisema iwekwe nyuma?"

"Kandidus."

Mvua ikapiga bati. Halafu akasema, "Basi usimbebeshe Mungu saruji ya Kandidus."

Sikulia siku ya mazishi. Nililia siku ile, kwenye kiti cha wateja, na yeye akageuza uso wake akaendelea kusugua feni ya mtu kwa mswaki.

Basi mtu huyo ndiye waliyemharibia sikio. Sasa nakuja kwenye lile lililotufikisha kwa Sista.

Gaudensi alileta mashine yake ya kusaga kwenye fremu ya pili, ubavuni mwa Fundi, katikati yao bati moja tu. Mashine ya dizeli. Huku kwetu kuna imani kwamba mashine inayonguruma ndiyo inayosaga, na ile isiyosikika mpaka barabarani ni dhaifu, unga wake chenga. Gaudensi alilijua hilo. Akachukua msumeno, akakata sailensa ya bomba la moshi, akaitupa nyuma ya soko. Kweli, kina mama wakamiminika. "Hii ina nguvu," wakasema, wakiwa wameziba masikio kwa kanga. Na aliyempa kibali cha kuweka injini ndani ya safu ya fremu ndogo, wakati mashine nyingine zote ziko kule chini zilikotengewa, ni Odilo, afisa soko. Jina lake pia silifichi.

Hapo sitamficha na Fundi. Ana lake. Gaudensi alikuwa mjanja, alimjia kwa heshima. "Shikamoo baba. Mashine yangu inalia ndani kwa ndani. Mafundi wote wameshindwa. Wewe tu, na huo mwanzi wako." Nani angekataa? Fundi akaenda, akaweka mwanzi kwenye injini inayonguruma, na ncha ya pili ndani ya sikio lake la kulia. Akataja beringi ya upande wa mkanda, wakafungua, kweli ilikuwa imekufa. Sifa zikaenea soko zima. Tangu hapo kila asubuhi Gaudensi akiwasha, anamwita, "Baba, njoo unisikilizie kidogo." Na mzee anakwenda na mwanzi wake, kifua mbele. Mimi nilikuwa naona. Nilisema mara moja, "Fundi, hiyo si laptop." Akanijibu, "Sauti ni sauti, Mama Lituhi." Kosa lile angelifanya yeye tu, maana hakuna mwingine anayesikiliza kwa mwanzi.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kuniambia usiku anasikia nzi kichwani. Akaanza kumwambia mteja arudie jina. Akaanza kuwaza, akaacha kwenda kwa Gaudensi, akaja kwangu jioni moja, akasema, "Nichapie barua."

Nilimchapia tatu, kwa miezi mitano. Ya kwanza naikumbuka mpaka herufi zake: "Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kusikia. Naomba mashine irudishwe sailensa au ihamishiwe zilipo mashine nyingine, kabla sijashindwa kazi." Niliipeleka mwenyewe kwa mkono ofisini kwa Odilo. Akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka chini ya birika la chai. Ya pili akaipokea hivyohivyo. Ya tatu akaniuliza, "Huyu mzee hana kazi ya kufanya?"

Halafu akaja fremuni kwangu. Alikuja mwenyewe, na karatasi ya mkono. Ilisema kwamba sisi wafanyabiashara wa safu ile hatuna usumbufu wowote na mashine ya kusaga, na tunaomba ibaki. "Nichapie hii, mama. Walio tayari kutia sahihi, nitawajengea kibaraza cha bati mbele ya fremu. Si unaona mvua inavyoingia kwenye printa yako?"

Ni kweli mvua ilikuwa inaingia.

"Anza wewe kusaini," akaniambia. "Wewe ndiye msomi hapa."

Darasa la saba, na mtu ananiita msomi. Nikachapa. Nikaprinti. Nikasaini wa kwanza. Muuza ndizi akafuata, na wengine wanane. Fundi alikuwa shambani, ilikuwa Jumamosi. Odilo hakuichagua siku hiyo kwa bahati. Jumatatu ile karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Fundi akasimama mbele yake, akaisoma taratibu mpaka chini kwenye majina, akarudi mezani kwake. Akanisalimu tu: "Habari za asubuhi, Mama Lituhi," basi. Nilijiambia hakusoma vizuri. Nilijiambia miwani yake imechakaa. Kibaraza kilijengwa. Bado kipo, nakaa chini yake ninapoandika haya.

Baada ya ile siku ya Sista nilimpeleka Songea kupima masikio. Mkewe alikuwa kwenye uchumaji wa kahawa, na mtu wa kumsikilizia daktari alihitajika. Walimvisha vitu masikioni, wakampa kitufe, wakamwambia abonyeze kila anaposikia mlio. Nilimwona kupitia kioo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kimesimama, na macho yake yamekaza, yule mtu ambaye angekusikilizia skrubu. Muda mrefu hakubonyeza. Daktari alituonyesha mchoro. Mstari wa sikio la kulia uliteremka kama barabara ya kwenda Mbamba Bay.

"Sauti nyembamba zote hazipo," akasema. "Hazirudi. Kushoto kuna nafuu. Mzee, unafanya kazi karibu na mashine?"

Nikamrudishia swali karibu na sikio la kushoto.

"Mimi sikuwa karibu na mashine," Fundi akajibu. "Mashine ndiyo ilikuja karibu na mimi."

Gaudensi anasema ni uzee. Anasema hivyo kwa kila anayesaga. Mimi namuuliza, uzee gani huo unaoanza na upande wa ukuta wako?

Mwezi uliopita nilipanda kwake mlimani. Hafanyi kazi sokoni tena. Nilimkuta barazani anachambua kahawa, akaniona kwa mbali akanyanyuka, akavuta kigoda upande wake wa kushoto.

"Shikamoo Fundi!"

"Marahaba. Usipige kelele, Mama Lituhi, watadhani tunagombana. Sema taratibu nikiwa nakuona mdomo."

Nilikuwa nimebeba laptop yangu ya kazini. Imeanza kupiga mluzi. Ni kweli ilikuwa inapiga, lakini siyo iliyonipandisha mlima ule. Macho yake yaliwaka alipoiona. Akanawa mikono.

"Leo wewe ni sikio, mimi ni kichwa. Unasikia nini?"

"Mluzi."

"Mluzi gani? Una mchanga?"

"Hauna. Ni laini."

"Niigizie."

"Fundi!"

"Niigizie bwana, hapa hakuna mtu."

Nikamwigizia, iiiii, na mkewe akachungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko. Fundi akanitazama mdomo kwa makini kama anasoma. "Sisikii kitu, lakini sura yako inanitisha. Zima spika."

"Nimezima. Bado."

"Chomoa chaja."

Nikachomoa. Kimya.

"Imekata!"

"Basi laptop yako nzima. Hiyo chaja umenunua wapi?"

"Mnadani."

"Ulimwuliza muuzaji chochote?"

"Nilimwuliza kama ina rangi nyingine."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Tukanywa chai. Kisha sikuweza tena. Kusema kwa mdomo nilishindwa, maana ningetakiwa kusema polepole, usoni kwake, neno kwa neno. Nikafungua laptop, nikachapa: Ile karatasi ya mashine niliichapa mimi. Nikasaini wa kwanza. Kwa ajili ya kibaraza. Nikamgeuzia kioo.

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Nilijua," akasema.

"Kwa jina langu pale juu?"

"Kabla ya jina. Printa yako ina mkwaruzo kwenye drumu. Inaacha mstari mwembamba kushoto, kwenye kila karatasi. Barua zangu tatu zilikuwa nao. Na ile ilikuwa nao." Akachukua punje ya kahawa mbovu, akaitupa nje. "Nilikuwa nasubiri uilete niisafishe. Nikasema siku akiileta, tutaongea."

"Sikuileta."

"Hukuileta."

Mkewe akaja kuongeza chai, akatuangalia wote wawili, akarudi ndani bila kumimina. Fundi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za mvua, "Na Odilo, alijibu barua zangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata ya kwanza?"

"Hata ya kwanza, Fundi."

"Ningependa kujua angesema nini," akasema. Ndiyo maneno yake yote kuhusu jambo hilo. Hakumlaani mtu. Kulaani ameniachia mimi, na mimi naijua kazi hiyo.

Mimi yangu nimeyasema, kwake na hapa, na nitayasema mbele ya yeyote atakayeuliza. Ziwani nilimwacha mtu ale wali wa msiba aende zake. Sirudii. Wewe Gaudensi, ulikata sailensa kwa msumeno wako, mchana, mbele yetu. Ukamwita baba. Sema ni kwa nini uliendelea kumwita kila asubuhi ulipokwisha kuona anainamisha kichwa kukusikia. Na wewe Odilo, barua tatu zina muhuri wako na tarehe za mkono wako. Kopi ninazo mimi. Hujamjibu mtu hata mstari mmoja, na mashine inanguruma mpaka leo ukutani mwa fremu tupu. Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye benchi la ofisi yako. Nimeshafunga fremu kwa wiki nzima na nimebeba chakula. Sitaki chai, sitaki kibaraza, na usinipe mimi hilo jibu. Liandike kwa herufi kubwa, uweke sahihi, tupande wote mlimani, umpe mkononi, asome ukiwa umesimama mbele yake. Nani alikuruhusu kuiweka injini ile ukutani mwake, Odilo? Jibu.